FEDHA ZA MTAA NA BEI YA DOLA: TUSIOGOPE, WALA TUSIDANGANYIKE



Katika mkutano wa mwisho wa tawi letu lilizuka jambo ambalo halikuwa katika ajenda, nalo likachukua muda kuliko yote yaliyokuwamo. Mama mmoja mwenye kibanda cha chakula karibu na lango la karakana, ambaye mumewe ni mwenzetu, alileta ombi kwa mkono wa mumewe. Aliomba chama kiwasaidie wenye biashara ndogo ndogo wa mtaa wetu kuanzisha fedha zao wenyewe za kununuliana, kama zile zilizoanzishwa Mombasa mwaka wa 2013. Sababu aliyoitoa ni moja. Kuanzia tarehe kumi na tano ya kila mwezi sisi wateja wake hatuna shilingi, naye chakula anacho. Kinyozi aliye jirani yake ana mkono wa kunyoa, lakini hana shilingi ya kununua chakula. Wote wawili hukaa wakitazamana mpaka mwisho wa mwezi.

Mkutano uligawanyika mafungu matatu. Wa kwanza walisema ya kwamba huko ni kughushi, na atakayeshika karatasi hizo atalala korokoroni. Wa pili walisema hiyo ndiyo dawa yetu: tukiwa na fedha zetu wenyewe, dola ipande isipande haituhusu. Wa tatu, nao walikuwa wengi, hawakusema neno. Basi tuliambiwa tuandike maoni yetu katika gazeti hili kabla ya mkutano ujao, ambao utapiga kura. Sisi si wasomi. Shule yetu ilikuwa ya misheni, nayo ikaishia darasa la nane. Lakini tumeuliza, tumesoma, na tumepiga hesabu.

Maoni yetu ni haya. Fungu la kwanza limekosea, na fungu la pili limekosea zaidi. Fedha za mtaa ni jambo jema kati ya jirani na jirani. Lakini haziondoi bei ya dola, na siku zitakapoingia katika bahasha ya mshahara zitakuwa adui yetu. Twataka kueleza kwa nini.

BEI YA KUBADILISHA FEDHA NI KITU GANI?

Wengi hudhani jambo hili ni la mabenki na maprofesa. Si kweli. Baadhi yetu tulijifunza mikononi mwetu, kabla hatujaingia katika kazi hii, tulipokuwa vibarua wa mkandarasi mmoja. Kila Jumamosi mkandarasi huyo alitulipa nusu kwa shilingi na nusu kwa tiketi. Tiketi ilikuwa kipande cha karatasi chenye muhuri wake, imeandikwa shilingi 200, na ilikubaliwa katika duka moja tu, nalo lilikuwa duka lake. Unga uliouzwa nje shilingi 150, mle ndani uliuzwa 200.

Sasa, mtoto akiugua au nauli ikihitajika, tiketi haikufaa kitu. Tulikwenda kwa mtu mmoja aliyekaa langoni, akatupa shilingi 140 kwa kila tiketi. Ulipovuma uvumi ya kwamba kazi imekaribia kwisha, akatoa 100. Baada ya juma moja akatoa 80. Siku ya mwisho hakuja kabisa, nasi tukabaki na karatasi zetu.

Ndugu, hiyo ndiyo bei ya kubadilisha fedha. Hakuna nyingine. Karatasi iliandikwa 200 kuanzia mwanzo mpaka mwisho, lakini thamani yake ilitoka 140 ikafika sufuri. Haikushushwa na maandishi yake. Ilishushwa na mambo matatu: inanunua nini, inapokelewa na wangapi, na je, kesho itapokelewa? Tiketi ile ilinunua vitu ghali, ilipokelewa na mtu mmoja, na kesho yake haikujulikana. Kwa hiyo ilianguka.

Shilingi mbele ya dola ni hivyo hivyo, ila ni kwa ukubwa. Anayetaka mafuta ya gari kutoka ng'ambo hana budi kutafuta dola, kwa maana mwenye mafuta hataki shilingi. Wakitokea watu wengi wa kutafuta dola, na dola ni chache, bei yake hupanda. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Je, kuna aliyebadilisha mshahara wetu ilipopanda? Bahasha ilisema kiasi kile kile. Lakini vitu vinavyotoka ng'ambo vilitudai zaidi.

MISHAHARA YETU NA BEI HII: HABARI YA ZAMANI

Si mara ya kwanza. Yafaa vijana wetu wajue kisa cha mwaka wa 1921, kwa sababu ni kisa cha mshahara.

Wakati huo nchi hii ilitumia rupia. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Baada ya vita rupia ilipanda, na mwaka wa 1920 serikali ya kikoloni ikaifunga: rupia 10 kwa pauni moja. Walowezi wenye mashamba wakalia. Madeni yao yalikuwa ya rupia, na kahawa yao waliuza Uingereza kwa pauni. Kila pauni iliyorudi sasa ilileta rupia 10 badala ya 15. Kisha ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, mbili kwa rupia moja, ishirini kwa pauni.

Walowezi walitafuta wapi nafuu yao? Mwaka wa 1921 waliafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Vibarua hawakuijua London wala benki zake, lakini bei ya kubadilisha fedha iliyopangwa kule ilikuja ikaingia mfukoni mwao na kuchukua shilingi moja katika kila tatu. Harry Thuku, karani wa simu katika Hazina, alikuwa mmoja wa waliosimama kulipinga jambo hilo, pamoja na kipande na kodi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe walipigwa risasi.

Tangu hapo mambo yamebadilika mara nyingi. Mwaka wa 1966 Kenya ilipata Benki Kuu yake na shilingi yake. Novemba 1967 Uingereza iliposhusha pauni yake, Kenya haikufuata. Ndipo pauni ikatoka shilingi 20 ikawa kama 17. Tangu mwaka wa 1993 shilingi imeachiliwa, bei yake ipande au ishuke kwa nguvu za soko. Lakini fundisho la 1921 lingali pale pale. Bei ya kubadilisha inapoyumba, kila mwenye nguvu hujaribu kuutua mzigo wake kwa asiye na nguvu. Ndiyo sababu kila habari ya fedha mpya, hata ikiwa njema, sisi wa chama twauliza kwanza: mshahara utalipwa kwa nini?

YALIYOTOKEA MOMBASA

Sasa tutazame zile fedha zilizotajwa mkutanoni. Kuna mtaa wa mabanda kule Mombasa uitwao Bangladesh. Si ile nchi ya Asia. Ni jina tu. Mwezi wa Mei 2013 wenye biashara ndogo ndogo wa mtaa huo walianza kutumia karatasi walizoziita Bangla-Pesa, wakisaidiwa na Mmarekani mmoja, Will Ruddick. Aliyetaka kuingia ilimpasa adhaminiwe na wenzake wa mtaa. Bangla-Pesa moja ilihesabiwa sawa na shilingi moja, lakini hakuna aliyeahidi kumpa mtu shilingi kwa karatasi hiyo. Ilikuwa ahadi ya wanachama kwamba kila mmoja ataipokea kwa bidhaa yake au kwa kazi yake.

Tazama inavyofanya kazi. Mwenye bodaboda hana abiria wenye shilingi. Analipa karatasi kwa mama wa mandazi. Mama wa mandazi analipa karatasi ile kwa mwuza maji. Mwuza maji anashona suruali kwa fundi cherehani. Fundi anapanda bodaboda. Karatasi imezunguka ikarudi ilikotoka, na watu wanne wamekula, wamekunywa, wamevaa na wamesafiri, bila shilingi hata moja kuingia mtaani. Kazi yao ilikuwapo, na haja zao zilikuwapo. Kilichokosekana ni kitu cha kupitisha mkono kwa mkono.

Kabla ya mwezi ule kwisha polisi waliingia. Watu sita walikamatwa, akiwamo Ruddick, wakashtakiwa kwa kughushi. Watu wa fungu la kwanza, kisa mnachokikumbuka kinaishia hapa. Lakini hakikuishia hapa. Mwezi wa Agosti 2013 upande wa mashtaka uliiondoa kesi hiyo. Bangla-Pesa ikarudi mtaani. Baadaye zikafuata Gatina-Pesa kule Kawangware, Kangemi-Pesa, na Lindi-Pesa kule Kibera. Kisha karatasi ikahamia katika simu kwa jina la Sarafu, na wakati wa ugonjwa wa korona mwaka wa 2020 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakiitumia, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ukashiriki. Kwa hivyo tusitishane kwa korokoro. Lakini vile vile tusiwe wajinga: watu sita walikaa miezi mitatu na kesi kichwani. Mtaa wetu ukiamua kuanza, barua iende kwanza kwa wakubwa wa serikali, na wakili wa chama aisome kabla karatasi moja haijachapwa.

MFANYAKAZI WA RELI WA AUSTRIA

Kuna kisa kingine ambacho kinatuhusu sisi wa reli hasa. Katika nchi ya Austria kuna mji mdogo uitwao Wörgl, penye makutano ya reli. Mwaka wa 1932, wakati wa dhiki kuu ya dunia, watu wengi wa mji huo walikuwa hawana kazi. Meya wao aliitwa Michael Unterguggenberger, naye alikuwa mfanyakazi wa reli. Halmashauri ya mji haikuwa na fedha, watu walishindwa kulipa kodi, barabara zilikuwa mbovu, na mafundi walikaa bure.

Meya akaanzisha vyeti vya kazi. Fedha za Austria wakati huo nazo ziliitwa shilingi, na vyeti vilihesabiwa sawa na shilingi hizo. Wajenzi wa barabara walilipwa kwa vyeti hivyo. Lakini angalieni mambo matatu aliyoyafanya, ambayo yule mkandarasi wetu hakuyafanya.

Kwanza, halmashauri yenyewe ilivipokea vyeti hivyo kwa kodi. Aliyetoa ndiye aliyekuwa wa kwanza kupokea. Pili, shilingi za kweli ziliwekwa benki kwa ajili ya vyeti, na aliyetaka kubadilisha aliweza, kwa kukatwa mbili katika kila mia. Kwa hivyo hakukuwa na mtu wa langoni wa kuwanyonya watu: bei ya kubadilisha ilijulikana, 98 kwa 100, leo na kesho. Tatu, kila mwezi mwenye cheti ilimpasa kununua stampu ya moja katika mia na kuibandika, ama cheti hakifai. Sisi twasema akiba haiozi; yeye alifanya ioze kidogo kidogo makusudi, ili mtu asikifungie sandukuni bali akipitishe kwa mwenzake.

Barabara zilijengwa, kodi zililipwa. Mwaka wa 1933 Benki Kuu ya Austria ikakataza, na vyeti vikakoma.

Mtu aweza kutuuliza: ninyi mwasema mshahara usilipwe kwa karatasi, na huyu mtu wa reli alilipa wajenzi kwa karatasi, mbona mwamsifu? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba karatasi yake ilikuwa na mlango wa kutokea, na mlango huo ulikuwa benki, si duka la tajiri. Tena aliyeitoa alikuwa meya waliyemchagua, ambaye waliweza kumwondoa. Mkandarasi hatukumchagua, wala duka lake hatukulichagua.

JE, FEDHA ZA MTAA ZATUKINGA NA DOLA?

Sasa twageukia fungu la pili. Ndugu hawa wanasema: fedha zetu hazibadilishwi kwa dola, basi dola haiwezi kuzigusa. Tupige hesabu ya mandazi.

Tuseme andazi moja ni shilingi 10. Katika hizo 10, tuseme 6 ni unga wa ngano, mafuta na sukari, ambavyo mama huvinunua dukani kwa shilingi. Zilizobaki 4 ni kazi ya mikono yake, na maji na makaa aliyonunua kwa jirani. Mama huyu aweza kupokea fedha za mtaa kiasi gani? Aweza kupokea 4 tu. Akipokea 10 zote, kesho hatakuwa na shilingi ya kununua unga, na keshokutwa hatakuwa na mandazi. Ndiyo maana wenye biashara wenye akili hupokea sehemu kwa shilingi na sehemu kwa fedha za mtaa.

Sasa dola imepanda. Ngano yetu nyingi hutoka nje, mafuta ya kupikia pia, na lori lililoleta unga linatumia dizeli. Zile shilingi 6 zimekuwa 7. Andazi sasa ni 11: saba kwa shilingi, nne kwa fedha za mtaa. Je, dola imezigusa fedha za mtaa? Katika mandazi, ndiyo, kwa kuwa karatasi ile ile inanunua kipande kidogo zaidi cha andazi. Lakini kwa kinyozi, haikuzigusa. Kwa msusi, haikuzigusa. Kwa mama anayewaangalia watoto wetu tukiwa zamu ya usiku, haikuzigusa.

Basi hapo ndipo mpaka ulipo, na twaomba kila mwanachama aukumbuke. Kazi ya mkono kwa kazi ya mkono, dola haiingii. Kitu kilichovuka bahari, dola imo ndani yake, hata ukikinunua kwa majani ya mwembe. Anayesema fedha za mtaa zitashusha bei ya mafuta ya taa anatudanganya. Lakini akisema zitatuachia shilingi zetu zile chache kwa ajili ya mafuta ya taa, nauli na karo, kwa sababu kunyolewa na kushonewa tumelipana wenyewe, huyo amesema kweli. Faida yenyewe ni hiyo. Nayo si ndogo kwa mtu ambaye shilingi yake huisha tarehe kumi na tano.

Kuna hatari mbili ambazo lazima tuzitaje. Ya kwanza ni mrundiko. Kila mtu mwenye shilingi na karatasi za mtaa atatoa karatasi kwanza na kuficha shilingi. Karatasi zitakimbilia kwa mwenye duka la vitu vya kutoka mjini, nazo zitakwama kwake, maana yeye mwenye jumla hamtaki karatasi. Baada ya miezi miwili atakataa, na akikataa yeye, wengine wataogopa, na hapo ndipo yule mtu wa langoni atakapotokea na 80 zake. Ya pili ni tamaa ya kubadilisha. Watu wakiahidiwa shilingi kwa karatasi, na shilingi zilizowekwa ni chache kuliko karatasi, wote watakimbilia siku moja. Mwaka wa 2018 wenye kazi hii ya fedha za mitaa walishirikiana na Bancor, watu wa fedha za kompyuta, ili fedha za mtaa mmoja ziweze kubadilishwa kwa za mtaa mwingine, bei ikipanda na kushuka kwa kadiri ya akiba iliyowekwa. Hatusemi ni vibaya. Twasema tu kwamba siku hiyo fedha ya mtaa nayo hupata bei ya kubadilisha kama shilingi na dola, na mama wa mandazi atalazimika kuitazama bei hiyo kila asubuhi. Sisi twaanza, hesabu hiyo tusiianze leo.

MASHARTI YETU

Kwa hivyo katika mkutano ujao tutapiga kura ya ndiyo kwa ombi la yule mama, lakini kwa masharti, nasi twawaomba mfanye vivyo hivyo. Masharti ni haya.

Kwanza, mshahara ni shilingi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema mfanyakazi alipwe kwa fedha za Kenya. Mkataba nambari 95 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka wa 1949, unakataza kulipa mishahara kwa vocha na kuponi. Mwajiri yeyote, mkandarasi yeyote, hata akitabasamu namna gani, akisema atalipa sehemu ya mshahara kwa fedha za mtaa ili kuusaidia mtaa, jibu ni hapana. Wala saa za ziada, wala marupurupu. Fedha za mtaa zitoke kwa jirani ziende kwa jirani. Zikitoka kwa tajiri, zimekuwa tiketi.

Pili, anayetoa ndiye wa kwanza kupokea. Hakuna mtu atakayepewa karatasi kabla hajaandika katika daftari ni kitu gani au kazi gani atakayoitoa kwa karatasi hizo, na wenzake wamdhamini. Dawa ya deni ni kulipa, na kila karatasi ni deni.

Tatu, daftari liwe wazi. Idadi ya karatasi zilizotolewa, na majina ya waliopewa, yabandikwe ukutani mahali pa mikutano, kama tunavyobandika hesabu za chama. Siku karatasi moja itakapotolewa gizani, thamani ya zote imeanza kuanguka.

Nne, kiasi kiwe na mpaka. Kila mwenye biashara apige hesabu yake kama tulivyopiga ya mandazi, aseme atapokea sehemu gani ya bei kwa fedha za mtaa, naye aruhusiwe kuibadilisha vitu vya dukani vikipanda. Asilazimishwe mtu. Mwenye duka akiona zimemrundikia, kamati imtafutie mahali pa kuzitumia: kusafisha duka, kubeba mizigo, kumshonea watoto wake sare.

Tano, zisibadilishwe kwa shilingi langoni. Atakayeonekana akinunua karatasi za watu wenye shida kwa bei ya kutupa, atolewe katika umoja huo.

Haya matano yakikubaliwa, hakuna jambo la kuogopa. Yakikataliwa hata moja, hasa lile la kwanza, tutapiga kura ya hapana, nasi tutasimama na kusema sababu.

KAZI YA CHAMA NI IPI?

Ndugu, neno la mwisho. Twaogopa kwamba watu watayapenda mazungumzo haya ya fedha za mtaa kwa sababu ni mapya, wasahau jambo la zamani. Mume wa yule mama ni mwenzetu, na kibanda chake ni mlango wa kazi yetu. Wateja wake ni sisi. Ikiwa shilingi zetu zaisha tarehe kumi na tano, kosa si la kibanda wala la kinyozi. Ni mshahara mdogo kuliko mwezi. Fedha za mtaa zitawasaidia majirani kuvuka zile siku kumi na tano. Hazitazifupisha.

Dola ilipofika karibu 160, tulipaswa kuwa na kifungu katika mapatano yetu na mwajiri kinachosema kwamba bei za unga, mafuta na nauli zikipanda kwa kiasi fulani, mishahara itazungumzwa upya bila kungoja mwaka uishe. Kifungu hicho hatunacho. Bei ya dola iliposhuka hadi 129, tukalala. Itapanda tena siku moja, kwa maana ndiyo tabia yake. Twaiomba kamati kuu ilete jambo hilo katika mazungumzo yajayo, na twaomba liandikwe katika kumbukumbu za mkutano pamoja na kura ya fedha za mtaa, yawe mambo mawili yanayokwenda pamoja kama reli mbili za njia moja. Ukiweka moja tu, gari haliendi.

Basi njooni mkutanoni. Waje na wake zetu wenye vibanda, kwa kuwa hesabu ya andazi wanaijua kuliko sisi. Na wale waliokaa kimya mara ya kwanza, safari hii waseme.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu,
Wafanyakazi wa njia na karakana